Kichwa kinauma ukiwa ndani, ukitoka nje kinapoa: kutafuta gesi isiyonuka katika nyumba za Dar es Salaam

Mimi ni fundi wa majiko ya gesi, na simu ninazopigiwa zinafanana. "Fundi, jiko limeanza kuchafua sufuria." "Fundi, jana mvua ilitukamata tukapikia ndani, watoto wote wakatapika." "Fundi, nasikia harufu ya gesi na mtungi nimeufunga." Anayepiga anaamini ana tatizo la jiko. Nikifika, mara nyingi nakuta tatizo ni hewa ya nyumba yenyewe: inaingia kidogo, haitoki, na kuna kitu kinaungua humo ndani.

Gesi ninayoiogopa kuliko zote ni kaboni monoksaidi. Usiichanganye na hewa ukaa tunayoitoa tukipumua. Hii haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala koo. Inatokea pale mkaa, kuni, mafuta ya taa, petroli au gesi ya kupikia inapoungua bila kupata hewa ya kutosha. Ukiivuta, inaing'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni mara 200 na zaidi. Damu inaendelea kuzunguka mwilini, ila oksijeni imekosa nafasi. Pua haikusaidii kitu hapa. Kinachokuokoa ni kuzijua dalili na kuziamini mapema, ndiyo maana nimezipanga moja moja, kila moja na sababu zake, ninayoikuta mara nyingi ikitangulia.

Kwanza: hali ambazo hazitaki uchunguzi

Mtu amezimia, haamki vizuri, anaongea ovyo kama mlevi, anatapika mfululizo, au watu wawili na zaidi wameugua pamoja katika nyumba moja: toeni watu wote nje sasa hivi. Acha mlango wazi unapotoka. Usirudi ndani kuzima jiko wala kuchukua simu. Wapo waliomfuata mgonjwa ndani wakaanguka juu yake. Kama yupo mtu aliyebaki ndani na huwezi kumfikia bila wewe kuanza kuona kizunguzungu, piga 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mgonjwa apelekwe hospitali hata kama amezinduka. Akipumua hewa ya kawaida, gesi hii huchukua saa 4 hadi 5 kupungua nusu tu katika damu. Akiwekewa oksijeni hospitalini, muda huo hushuka hadi saa moja au moja na nusu hivi. Maziwa hayasaidii. Najua kila nyumba hapa mjini ina mtu atakayekimbilia dukani kuleta pakiti ya maziwa, lakini sumu hii imepita mapafuni, haiko tumboni, na aliyepoteza fahamu akinyweshwa kitu chochote anaweza kupaliwa akafa.

Ukifika kwa daktari, mwambie wazi: "Tulikuwa na jiko la mkaa ndani," au "Jenereta lilikuwa linaunguruma dirishani." Sentensi hiyo ina thamani kubwa kuliko unavyodhani. Kile kifaa kidogo kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hudanganywa na gesi hii, kwa sababu hakiwezi kuitofautisha na oksijeni. Kinaweza kusoma 98 wakati mgonjwa anakufa. Daktari asiyeambiwa habari ya mkaa ataiamini namba hiyo, na si kosa lake.

Dalili: kichwa, kichefuchefu na uchovu unapokuwa nyumbani; ukienda kazini unapona

Hii ndiyo inayopotezewa zaidi. Watu huiita malaria. Mtu anapima, kipimo kinasema hakuna, anameza dawa hivyo hivyo, na baada ya wiki hali ni ile ile. Kabla ya kurudi duka la dawa, jiulize maswali matatu. Je, kuna homa? Kaboni monoksaidi haileti joto la mwili. Je, mwingine ndani ya nyumba anaumwa wakati ule ule? Malaria haipangi foleni ya namna hiyo. Je, ukikaa nje nusu saa au saa moja kichwa kinapungua? Kama homa hakuna na majibu ya maswali mawili ya mwisho ni ndiyo, anza kutafuta kinachoungua.

*Jiko la mkaa limeingizwa ndani.* Hii ndiyo sababu ya kwanza, na haina mshindani wa karibu. Msimu wake mkubwa ni masika, Machi hadi Mei, uani kunapojaa maji na kila mpangaji anavuta jiko lake koridoni au mlangoni mwa chumba. Maneno ninayoambiwa ni yale yale: "Lakini fundi, mkaa ulikuwa umeshika vizuri, moshi ulishaisha, ndipo nikauingiza." Hapo ndipo penye mtego. Moshi ni mafuta na unyevu wa mti uliobaki ndani ya mkaa, na ukiisha macho yanapumzika. Mkaa mwekundu usio na moshi ndio unaotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, kwa sababu hewa ukaa inayozaliwa chini ya jiko inapanda kupita katikati ya makaa ya moto na kugeuzwa kuwa gesi hiyo. Jiko linalopendeza machoni, jekundu tulivu bila hata uzi wa moshi, liko katika hali yake mbaya kabisa kwa mapafu.

Kuufunika mkaa kwa jivu hakuzuii kitu. Unaendelea kuungua taratibu kwa kunyimwa hewa, na huko kunyimwa hewa ndiko kunakoizaa gesi. Ndoo ya maji pembeni ya jiko nayo haivuti gesi, maana haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana. Na kufungua dirisha moja lenye wavu wa mbu na pazia si kufungua dirisha.

Ukaguzi wa kwanza hauna gharama. Kwa siku tatu, jiko lisivuke kizingiti. Pikia barazani au chini ya paa la uani lenye pande mbili wazi, na mkaa uliobaki uzimwe kwa maji huko huko nje; usiingizwe ndani kesho yake "kwa sababu umeshapoa". Kama kichwa kimekoma, umepata jibu.

*Chakula kinachokaa motoni muda mrefu.* Hapa jiko liko koridoni "mara moja tu", lakini mara moja hiyo ni maharage au makande, kuanzia saa nane mchana mpaka magharibi. Anayeumia ni anayechochea na mtoto aliye mgongoni. Kuloweka maharage usiku kucha kunapunguza sana muda wa moto. Presha kuka ya umeme inaupunguza zaidi, na kwa chakula cha aina hii bili yake haitishi kama watu wanavyodhani. Ukilinganisha na kopo za mkaa unazonunua kwa wiki, fanya hesabu mwenyewe. Serikali ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Mpaka litufikie sote, jiko libaki nje.

*Chetezo.* Sisi watu wa pwani tunapenda chumba kinukie, na mimi mmoja wao. Makaa mawili au matatu ya kufukizia udi yakiachwa kwenye chumba kidogo kilichofungwa, feni imezimwa na watu wamelala, yanatosha kuwaamsha na kichwa kizito. Fukiza mlango ukiwa wazi, zungusha chetezo, kisha kitoe nje kabla hujapanda kitandani.

*Jiko la jirani.* Nyumba zetu nyingi za vyumba sita na korido katikati zina dari moja, na kuta za ndani haziendi mpaka kwenye bati. Hewa ya chumba cha tatu inapita juu ya dari na kushuka chumba cha tano. Mpangaji anayechemsha maharage ya biashara alfajiri anaweza kumuumiza asiyemiliki hata jiko. Andika saa unazoumwa kwa wiki moja, kisha angalia saa hizo nani anapika. Nenda umweleze jirani kwa utulivu, maana yeye na wanawe wanaivuta zaidi yako. Ikishindikana, mwenye nyumba na mjumbe wahusishwe: uwazi wa juu ya ukuta uzibwe, na pajengwe banda la kupikia uani. Bati nne na nguzo ni nafuu kuliko msiba.

Ukiyaondoa haya yote na kichwa kinaendelea hata ukiwa mbali na nyumba, nenda ukapimwe presha, macho na mengineyo. Hiyo si kazi ya fundi.

Dalili: mzazi na kichanga wanalala sana, mtoto hanyonyi vizuri

Hapa sitapanga sababu, ninayoijua ni moja. Nilikwenda kubadili mpira wa gesi katika nyumba moja Mbagala. Nilipoomba spana niliyosahau, nikaelekezwa chumba cha ndani. Mlango ulifungwa, pazia zito, dirisha limezibwa kwa kitenge, na chini karibu na kitanda kulikuwa na jiko la mkaa jekundu kabisa. Mzazi alikuwa na siku ya nne tangu ajifungue. Bibi aliyekuwa akimhudumia aliniambia mzazi na mtoto hawatakiwi kupigwa na baridi. Mtoto alikuwa mlegevu. Nilimwomba bibi ruhusa, nikalibeba jiko nje, tukafungua dirisha, nao wakapelekwa kituo cha afya mchana ule ule. Walirudi salama.

Bibi yule alikuwa anafanya kwa mapenzi alichofanyiwa yeye. Lakini yeye alifanyiwa katika nyumba ya makuti na udongo, inayopumua pande zote. Sisi tumejenga kwa matofali ya saruji, dari ya jipsamu na madirisha ya alumini, tukaiweka desturi ile ile ndani yake. Maji ya kumkanda mzazi yachemshiwe nje, yaingie chumbani yakiwa kwenye ndoo. Mtoto atapata joto akilazwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, akafunikwa kanga na blanketi. Ndivyo hospitali zinavyowafanyia hata njiti.

Mjamzito asogezwe mbali kabisa na jiko la ndani. Damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu kuliko ya mama yake na huchelewa kuiachia, hivyo mama anaweza kujisikia nafuu mtoto akiwa bado hatarini. Kichanga mlegevu au asiyetaka titi: usingoje asubuhi.

Dalili: mnaumwa umeme ukikatika

Ukiona maradhi yanafuata ratiba ya umeme, ni jenereta. Sababu zake, kwa mpangilio ninaozikuta:

1. Liko ndani au nusu ndani: koridoni, chini ya ngazi, kwenye baraza lenye grili na ukuta pande tatu, kwenye gereji ambayo geti limeinuliwa kidogo. Wanaliweka hapo kwa kuogopa wezi na mvua.
2. Liko nje, lakini bomba la moshi linatazama dirisha au tundu la hewa.
3. Liko mbali kiasi, ila upepo unaurudisha moshi. Aliyeliweka kusini mwa nyumba wakati wa kaskazi anaona liko salama; kusi likianza kuvuma, moshi wote unaingia chumbani.
4. Jenereta ni la jirani wa ghorofa ya chini, nanyi mko juu yake.

Jenereta dogo la petroli linaweza kutoa kaboni monoksaidi nyingi kama magari mia kadhaa kwa pamoja, kwa hiyo kufungua madirisha hakutoshi. Liwe nje kabisa, mita 6 au zaidi kutoka mlango na dirisha lolote, bomba likitazama upande usio na nyumba ya mtu. Kwa wezi, lifungwe kwa mnyororo kwenye nguzo iliyojengewa. Kwa mvua, lijengewe kibanda cha bati kisicho na kuta. Nafasi ya mita 6 haipo? Viwanja vya Sinza na Manzese havina, nakubali. Basi hapo jenereta halifai, na taa za sola au betri ya kuchaji zitakufaa zaidi hata kama friji itasubiri.

Usijaribu kurefusha bomba la moshi kwa paipu ya kuunga-unga mpaka nje ya ukuta. Nimeona viungo vimeachia ndani ya chumba. Na kuunganisha jenereta na nyaya za nyumba aitwe fundi umeme mwenye leseni, kwa sababu umeme ukirudishwa kwenye laini unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo.

Dalili: moto wa njano, sufuria nyeusi chini

Moto mzuri wa gesi ni wa buluu, umesimama wima. Njano inayocheza na masizi chini ya sufuria maana yake gesi haiungui yote, na pale pale kuna kaboni monoksaidi.

Anza na uchafu. Wali umefurika, uji umemwagika, matundu yameziba. Zima, funga mtungi, acha vipoe, toa kile kifuniko chenye matundu, osha kwa maji ya sabuni na brashi, zibua kwa pini nyembamba bila kupanua tundu, kausha kabisa. Kikirudishwa kimekaa upande, moto utakuwa wa njano upande mmoja. Kizungushe mpaka kizame mahali pake. Nusu ya simu zangu zinaishia hapa, na ningependa ziishie kwako bila kunilipa.

Pili, mtungi unaelekea kwisha. Mwishoni gesi iliyobaki huwa nzito na moto hubadilika rangi. Ukijaza mtungi mpya na buluu ikarudi, jiko halina kosa.

Tatu, hewa. Chini ya jiko, pale gesi inapoingia kwenye bomba la kila moto, kuna uwazi wa kuvutia hewa, na majiko mengine yana kipete cha kuufungua au kuufunga. Buibui hupenda kujenga humo, hasa jiko likikaa bila kutumika. Futa utando. Kipete mwachie fundi kama hujawahi kukigusa.

Nne ni regyuleta, kile kifaa kinachoshika mtungi na kupunguza shinikizo la gesi. Kuna za shinikizo dogo za majiko ya nyumbani na kuna za shinikizo kubwa za majiko ya mama lishe na wakaanga chipsi. Zikiwekwa pembeni zinaweza kufanana. Ya pili ikifungwa kwenye jiko la sebuleni, moto unapanda mrefu, unanguruma, na mpira unaweza kuchomoka. Ukisikia mngurumo, zima na usiwashe tena.

Ya mwisho nakutana nayo kwa majiko yaliyoletwa kutoka nje kama mzigo wa mtumba: nozeli yake, yaani kile kipande chenye tundu dogo gesi inakotokea, ilitobolewa kwa ajili ya gesi asilia ya bomba, tundu ni kubwa mno kwa gesi ya mtungi, na moto unatoa masizi tangu siku ya kwanza. Usafi hautasaidia. Nozeli zibadilishwe na fundi anayejua, asiyekuja na waya wa kuchokonolea.

Dalili: harufu ya gesi

Gesi ya mtungi yenyewe hainuki. Imetiwa kitu cha kuinukisha makusudi ili uijue ikivuja. Hatari yake ni moto. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote, pamoja na ya feni ambayo mkono unaikimbilia wenyewe. Usipige simu ukiwa ndani. Funga mtungi kama unaufikia, fungua milango, toeni watu. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa sakafuni na kuzama kwenye mitaro na mashimo, kwa hiyo mlango unaofika chini una maana kuliko dirisha la juu. Wale wa Mikocheni na kwingineko waliounganishwa gesi asilia ya bomba wana hali tofauti: yao ni nyepesi, inapanda darini, wafungue madirisha ya juu pia.

Harufu ikiisha kabisa, tafuta uvujaji kwa povu la sabuni, kamwe usitumie kiberiti. Paka kwanza mahali regyuleta inaposhika mtungi, maana mara nyingi ni kile kimpira cha ndani kimekatika au hakikukaa sawa mtungi ulipobadilishwa. Kisha ncha mbili za mpira na klipu zake. Kisha mpira wote, ukiukunja kidogo kidogo. Wenye nyufa, uliokakamaa au ulioguswa na panya utupwe, usifungwe kwa plasta. Mwisho vitasa vya jiko. Povu likivimba kwenye mtungi wenyewe, kwenye valvu au kwenye mshono, hapo kazi yako imekwisha: mtungi uende mahali pa wazi mbali na moto, na aliyekuuzia aje auchukue. Harufu ikizidi badala ya kupungua baada ya kufunga mtungi, tokeni na pigeni 114.

Dalili: kengele ya kaboni monoksaidi inalia na huoni kitu

Vifaa hivi vinaanza kuonekana katika nyumba za kupangisha wageni, na ningefurahi kuviona Tandale. Mlio mmoja mfupi kila baada ya nusu dakika au dakika ni betri, au kifaa kimezeeka. Vingi vinaishi miaka 5 hadi 10, na tarehe imeandikwa nyuma. Milio minne ya haraka, kimya, kisha minne tena ni gesi. Iamini hata kama hujisikii vibaya. Vingi vimepangwa vichelewe kulia kiwango kikiwa kidogo na viwahi kikiwa kikubwa: kwa vile vya kipimo cha Ulaya, sehemu 50 za gesi hii katika sehemu milioni za hewa hulia baada ya saa moja hadi moja na nusu, na 300 kwa milioni ndani ya dakika 3. Kwa hiyo kikilia, tayari umekuwa ukiivuta kwa muda.

Hakikisha pia umenunua chenyewe. Kengele ya moshi haiioni gesi hii. Kengele ya gesi ya mtungi nayo haiioni, na hiyo hufungwa chini karibu na sakafu, wakati ya kaboni monoksaidi hukaa karibu na kichwa cha anayelala.

Kiyoyozi nacho kisikudanganye. Hivi vya ukutani vinazungusha hewa ile ile ya ndani na kuipoza, haviingizi mpya. Chumba baridi kilichofungwa ni chumba kilichofungwa tu.

Hakuna dalili yoyote, ila umesikia habari za radoni

Swali hili naletewa na wenye ndugu Marekani na Ulaya, ambako nyumba hupimwa radoni kabla ya kuuzwa. Ni gesi nyingine isiyonuka, lakini tabia yake ni tofauti kabisa. Inazaliwa ardhini, urani iliyo kwenye miamba inapobadilika polepole kuwa radiamu, na radiamu kuwa radoni, kisha inapanda kupitia nyufa za sakafu. Haiumizi kichwa wala haitapishi. Inaleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi, na kwa mvutaji sigara hatari inaongezeka mara nyingi. Mwaka 1984 huko Pennsylvania, Stanley Watras, aliyekuwa akijenga kituo cha nguvu za nyuklia, alikuwa akiamsha kengele za mionzi anapoingia kazini. Mionzi aliitoa nyumbani kwake: nyumba ilijaa radoni.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi bekereli 100 (bekereli ni kizio cha kupimia mionzi) kwa mita moja ya ujazo ya hewa, na pale isipowezekana, isizidi 300. Mji wetu umekaa zaidi juu ya mchanga, udongo wa mfinyanzi na mwamba wa matumbawe, ambao kwa kawaida hubeba urani kidogo kuliko matale (granaiti), na nyumba nyingi hazina chumba cha chini ya ardhi. Kwa mwenye nyumba ya madirisha wazi nisingeiweka radoni mbele ya jiko la mkaa. Anayepaswa kufikiria ni anayelala au kufanya kazi kutwa katika ghorofa la chini ya ardhi, au chumba cha chini kinachofungwa mwaka mzima kwa sababu ya kiyoyozi.

Kwake, njia ya radoni kuingia mara nyingi ni nyufa za sakafu na maungio ya sakafu na ukuta, halafu uwazi unaozunguka mabomba ya maji na choo. Maji ya kisima kirefu na vifaa vya ujenzi huja nyuma kabisa. Fungua hewa ipite kila siku, ziba nyufa kwa saruji na maungio ya mabomba kwa silikoni. Lakini usidhani umemaliza kwa kuziba. Bila kupima hujui. Dhamana ya mionzi nchini iko kwa Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, TAEC, ulizia kipimo huko. Kipimo cha siku chache kinaonyesha dokezo, cha miezi 3 hadi mwaka ndicho cha kuamulia. Namba ikibaki juu, kinachofuata ni bomba linalopitishwa chini ya sakafu na feni ya kuvuta hewa ya ardhini mpaka juu ya paa, na hilo ni la mkandarasi aliyewahi kulifanya. Likikosewa, feni huweza kuvuta moshi wa jiko kuurudisha ndani.

Kipimo chenyewe kiweke chumba cha chini kabisa ambacho watu wanakikalia, mbali na dirisha, mbali na jikoni, juu kidogo ya sakafu, na waambie watoto wasikiguse mpaka tarehe uliyoandika ukutani.